Hisa ina nguvu 12 na udhaifu 4 kwenye SWOT. Hiyo ndiyo afya ya hisa?

#1 Chipukizi
Wakuu, habari zenu.

Nimeanza kujifunza hisa mwaka huu na natumia programu moja ya uchambuzi kwenye simu. Ukifungua kampuni yoyote inakuletea mraba wa SWOT wenye vyumba vinne: nguvu, udhaifu, fursa na vitisho, kila chumba na namba yake. Kuna hisa nimeipenda, inasoma nguvu 12, udhaifu 4, fursa 3, kitisho 1. Chini yake wameweka rangi ya kijani na neno "imara".

Naomba kuuliza: namba hizi zinatosha kusema hisa ina afya? Na kama hazitoshi, mtu anaifanyaje SWOT ya hisa mwenyewe, hadi apate jibu analoweza kuliwekea pesa yake? Sitaki kununua kwa kufuata rangi.

#2 Tumbiri
12 kwa 4? Hiyo mechi imeisha mkuu, mwamuzi apulize kipenga 😄
Nakaa siti ya mbele nisubiri wajuzi.

#3 Mama Mizania
Karibu Chipukizi. Kabla ya yote ibonyeze hiyo 12 uone ndani kuna nini, halafu ubandike hapa pamoja na ule udhaifu na kile kitisho. Programu za namna hii hujaza vyumba kwa kanuni za mashine, hakuna mtu aliyekaa akaisoma kampuni. Tukiona orodha ndipo tutajua kama ni nguvu 12 kweli au ni jambo moja limehesabiwa mara nyingi.

#4 Chipukizi
Asante mama. Hii hapa kama ilivyo.

Nguvu: (1) bei iko juu ya wastani wa siku 20, (2) juu ya wastani wa siku 50, (3) wa siku 100, (4) wa siku 200, (5) bei iko karibu na kilele cha wiki 52, (6) imepanda kuliko soko zima kwa miezi 6, (7) mauzo ya robo mwaka yamepanda, (8) faida halisi ya robo imepanda, (9) faida kwa kila hisa imepanda, (10) deni ni dogo, (11) taasisi za nje zimeongeza umiliki, (12) gawio limelipwa miaka 5 mfululizo.

Udhaifu: fedha zinazotokana na shughuli zimeshuka miaka 2 mfululizo, wadaiwa wanaongezeka kwa kasi kuliko mauzo, faida ghafi inapungua kwa asilimia, na bei kwa faida (bei ya hisa ukiigawa kwa faida ya kila hisa) iko juu ya wastani wa sekta.

Kitisho: mwanahisa mkuu ameongeza hisa alizoweka rehani.

#5 Mama Mizania
Sasa tuhesabu upya.

Namba 1 hadi 6 zinasema kitu kimoja: bei imepanda. Hisa ikipanda mfululizo kwa miezi kadhaa, lazima itakaa juu ya wastani wa siku 20, wa 50, wa 100, na mara nyingi hata wa 200, na itakuwa karibu na kilele cha mwaka. Mashine imelipa jambo hilo alama sita. Namba 7, 8 na 9 nazo ni ndugu wa tumbo moja. Mauzo yakipanda faida kwa kawaida hupanda, na idadi ya hisa isipobadilika faida kwa kila hisa hupanda vilevile. Kwa hiyo nguvu zako ni tano tu: bei imepanda, biashara imekua kwa robo moja, deni dogo, wageni wamenunua, gawio linalipwa.

Nenda upande wa pili. Faida inapanda lakini fedha taslimu zinazotokana na shughuli zinashuka. Wadaiwa wanakua kuliko mauzo. Faida ghafi inanyauka. Hayo matatu yakikaa pamoja nasoma habari moja: kampuni inasukuma mzigo kwa mkopo na kwa bei ya kupunguza ili mauzo yaonekane. Inawezekana kuna sababu njema, tuseme mteja mkubwa anayelipa taratibu lakini analipa. Ila mpaka uione sababu hiyo kwenye maelezo ya hesabu, udhaifu huo unazila nguvu 7, 8 na 9 zote.

Na kile kitisho kimoja ni kizito kuliko kinavyoonekana. Aliyeweka hisa rehani amekopa kwa dhamana ya hisa hizo. Bei ikishuka kupita kiwango walichokubaliana, mkopeshaji ana haki ya kuziuza sokoni, na kuuza kwake kunaishusha bei zaidi. Yaani shida ya mtu binafsi inakuwa shida ya kila mwenye hisa.

#6 Fundi Chati
Namheshimu sana Mama Mizania ila kwenye bei namkatalia. Bei ni taarifa. Watu wanaoijua kampuni kwa ndani na kwa karibu wananunua na kuuza kabla ya sisi kupata taarifa ya mwaka.

Chukueni Enron, kampuni ya nishati ya Marekani. Agosti 2000 hisa ilikuwa imepita dola 90. Agosti 2001, mkurugenzi mtendaji Jeffrey Skilling anajiuzulu, tayari iko karibu dola 40. Wachambuzi wengi bado walikuwa wanashauri watu wanunue. Desemba 2 mwaka huohuo wakaomba ulinzi wa mufilisi. SWOT ya kuandikwa na mtu mwaka 2000 ingejaa nguvu: ubunifu, ukubwa, jina, mkaguzi maarufu. Chati ndiyo iliyokuwa inashuka mwaka mzima bila kumwonea mtu haya.

Ukiiondoa bei kwenye uchambuzi umejifunga kitambaa machoni.

#7 Mama Mizania
Sijasema iondolewe, Fundi. Nimesema isipewe alama sita. Ipe moja.

#8 Msomi wa Jioni
Nadhani tunaibebesha SWOT mzigo usio wake. Kitu hiki kilibuniwa na Albert Humphrey pale Stanford Research Institute miaka ya 1960, kwa ajili ya mipango ya kampuni. Wakurugenzi wanakaa mezani wanajiuliza tuna nini, tumepungukiwa nini, nje kuna nini, tufanye nini. Jibu lake ni mkakati. Mwenye hisa hana uwezo wa kubadili mkakati, ana uamuzi wa kununua, kushika au kuuza. Swali tofauti, chombo kilekile.

#9 Kokotoa
Msomi, hoja yako naiunga mkono, historia yako naisahihisha kidogo. Humphrey hutajwa sana lakini wanahistoria wa menejimenti hawajakubaliana. Walimu wa Harvard Business School nao walikuwa wakifundisha kulinganisha uwezo wa ndani wa kampuni na mazingira ya nje katika miaka hiyohiyo ya 1960. Na pale Stanford chombo chenyewe kilianza kwa jina la SOFT, SWOT ikaja baadaye. Kumpa mtu mmoja ubaba wote si sawa.

Kilicho na faida zaidi kwa Chipukizi ni watu wawili wa baadaye. Heinz Weihrich mwaka 1982 alitoa TOWS: badala ya kuacha vyumba vinne vikae kila kimoja peke yake, unavikutanisha viwili viwili. Nguvu hii inaisaidiaje kampuni mbele ya kitisho kile? Udhaifu huu unaizuia fursa ipi? Halafu mwaka 1997 Terry Hill na Roy Westbrook walichapisha utafiti wao juu ya kampuni za Uingereza zilizotumia SWOT. Walichokuta ni orodha ndefu, maneno ya jumla yasiyopewa uzito, na hakuna kampuni iliyoyatumia matokeo yake katika hatua zilizofuata za mkakati. Ugonjwa huohuo ndio uliopo kwenye programu ya Chipukizi.

#10 Tumbiri
Kokotoa hata umwamshe usiku wa manane anaanza na mwaka 😂 Ila hiyo TOWS naichukua, asante.

#11 Dira
Jambo ambalo halijasemwa: kampuni na hisa ni vitu viwili.

SWOT inapima kampuni. Hisa ni kampuni pamoja na bei unayolipa. Machi 2000 Cisco ilikuwa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani, ikipita dola bilioni 500, na bei yake ilikuwa zaidi ya mara 100 ya faida. Ifanyie SWOT ya siku ile: vifaa vyake vilikuwa uti wa mgongo wa intaneti, faida ipo, fursa haina mwisho. Na yote yalikuwa kweli! Intaneti ilikua kuliko hata walivyodhani, Cisco haikufa, mauzo na faida vilikuja kupanda baadaye. Lakini aliyenunua kwenye kilele kile alipita zaidi ya miaka 20 bei haijarudi pale.

Kila kitu kwenye vyumba vinne kilikuwa sahihi, ila mnunuzi aliumia. Ndiyo maana nasema SWOT bila bei haijafika kwenye hisa.

#12 Fundi Chati
@Dira asante, umenisaidia kumjibu mama.

#13 Mama Mizania
Hajakusaidia Fundi, soma tena. Bei anayoisema Dira ni bei ukilinganisha na faida. Wewe unasema mwelekeo wa chati. Chati ya Cisco mwanzoni mwa Machi 2000 ilikuwa nzuri kuliko zote sokoni.

#14 Zumaridi
Habari wakuu. Nieleze tunavyofanya kwenye kikundi chetu cha uwekezaji, labda itamfaa mwenye uzi.

Kila anayeleta hisa analeta karatasi moja ya SWOT. Masharti ni mawili. La kwanza, kila mstari uwe na ukurasa wa taarifa ya mwaka ulikotoka. La pili, kila mstari uwe na kitu cha kulinganisha nacho: mwaka uliopita, au mshindani. "Menejimenti nzuri" tunaifuta palepale. "Gharama za uendeshaji zimeshuka kutoka asilimia fulani ya mauzo hadi fulani huku mshindani zikipanda, ukurasa wa 61" inabaki.

Mfano mmoja. Mwenzetu alileta kampuni inayotengeneza vifungashio. Chumba cha nguvu ameandika "wateja waaminifu wa muda mrefu". Tukamuuliza ukurasa. Akaenda kwenye maelezo ya hesabu, sehemu ya taarifa za vitengo vya biashara. Kanuni ya kimataifa ya IFRS 8 inaitaka kampuni iseme pale ambapo mteja mmoja wa nje anafikisha asilimia 10 au zaidi ya mapato. Alichokuta ni kwamba mteja mmoja ndiye zaidi ya nusu ya mauzo yote. Na kwenye maelezo ya mikataba, mkataba wa mteja huyo ulikuwa unaisha mwaka unaofuata. Mstari mmoja wa nguvu ukahamia udhaifu, ukazaa na mtoto kwenye vitisho. Hatukununua.

#15 Fundi Chati
Dada Zumaridi, na hisa ilikwendaje baada ya hapo?

#16 Zumaridi
Ilipanda. Mteja alihuisha mkataba.

#17 Fundi Chati
Basi SWOT ya ukurasa wa 61 imewanyima faida, na chati ingewapa.

#18 Zumaridi
Siioni hivyo. Siku tunaamua, nusu ya kampuni ilikuwa inategemea saini ya mtu mmoja na bei ya hisa haikuonyesha punguzo lolote kwa hatari hiyo. Kutokea vizuri hakuifanyi hatari kuwa haikuwepo. Leo ikija kampuni nyingine ya namna ileile kwa bei ileile, bado sinunui.

#19 Jicho la Tai
Nimesoma uzi wote. Mnagombana bure. Kila kilichomo kwenye SWOT yenu kimetoka kwenye taarifa ya wazi: taarifa ya mwaka, habari, chati. Kama ni cha wazi, maelfu ya watu wenye kompyuta na mishahara mikubwa wameshakisoma na kimeshaingia kwenye bei. Eugene Fama aliliweka hili wazi mwaka 1970 na mwaka 2013 akapewa Nobeli ya uchumi. Nunua mfuko wa fahirisi, upate soko zima, ulale.

#20 Kokotoa
Jicho la Tai, malizia na nusu ya pili. Mwaka huohuo wa 2013 tuzo hiyohiyo waligawana watatu: Fama, Lars Peter Hansen na Robert Shiller. Na Shiller kazi yake kubwa ilikuwa kuonyesha kwamba bei za hisa huyumba kuliko gawio na faida zinavyoweza kueleza. Kamati iliwatunuku wote jukwaa moja, kwa hiyo hata wao hawakuifunga hoja.

#21 Jicho la Tai
Shiller hajasema kwamba mtu wa kawaida mwenye karatasi ya vyumba vinne atalishinda soko.

#22 Dira
Wala hakuna aliyesema hapa. Chipukizi ameuliza afya. Mtu anaweza kutaka kujua hisa aliyonayo ni nzima au mgonjwa bila kutaka kumshinda mtu.

#23 Kipima Joto
Kwa upande wangu naanza na namba, SWOT inakuja baadaye kueleza namba. Kuna vipimo viwili vya zamani ambavyo mtu anaweza kuvifanya kwa kalamu.

Kimoja ni cha Edward Altman, 1968. Anachukua uwiano tano: mtaji wa kuendeshea biashara, faida iliyolimbikizwa, faida kabla ya riba na kodi, na mauzo, vyote hivyo ukivigawa kwa jumla ya mali, halafu thamani ya soko ya hisa ukiigawa kwa jumla ya madeni. Kila uwiano una uzito wake, na mzito kuliko wote ni wa faida kabla ya riba na kodi, unazidishwa kwa 3.3. Jumla ikiwa chini ya 1.81 kampuni iko kwenye hatari ya kufilisika, ikiwa juu ya 2.99 iko salama, katikati ni ukungu.

Cha pili ni cha Joseph Piotroski, 2000. Maswali tisa ya ndiyo au hapana: faida ipo? fedha za shughuli zipo? fedha za shughuli zinazidi faida? deni limepungua? hisa mpya hazijatolewa? na kadhalika. Kila ndiyo ni alama moja.

Angalia swali la fedha kuzidi faida. Hisa ya Chipukizi ina harufu ya kufeli pale, ndiko Mama Mizania alikoelekeza kidole tangu bandiko la 5. Vipimo hivi havikubali maneno, na vinafaa kampuni yoyote, iwe kiwanda, benki au duka.

#24 Mama Mizania
Benki hapana, Kipima Joto. Altman alitengeneza kipimo chake cha 1968 kwa kampuni za viwanda zilizo sokoni. Baadaye akatoa matoleo mengine kwa kampuni zisizo sokoni na zisizo za viwanda. Benki kazi yake ni kukaa na madeni ya watu, amana zote ni madeni, kwa hiyo ule uwiano wa mtaji na madeni unatoa jibu la ajabu. Kwa benki angalia utoshelevu wa mtaji, mikopo chechefu (isiyolipwa kwa wakati), na amana zinatoka kwa nani.

#25 Kipima Joto
Nimepokea. Benki itoke.

#26 Nahodha
Hapo kwenye "amana zinatoka kwa nani" ndipo penye somo lote la Silicon Valley Bank, na ni somo la SWOT moja kwa moja.

Mwisho wa 2019 benki ile ilikuwa na amana za takriban dola bilioni 62. Mwisho wa 2021, bilioni 189. Mwandishi yeyote wa SWOT angeandika kwenye nguvu: ukuaji mkubwa wa amana, wateja wa teknolojia, hati fungani za serikali ambazo hazina hatari ya kutolipwa.

Sasa zivunje nguvu hizo tatu. Amana zimekua, lakini zaidi ya asilimia 90 zilikuwa juu ya kiwango kinachokingwa na bima ya amana, kwa hiyo mwenye amana ana kila sababu ya kukimbia akisikia mvumo. Wateja ni wa sekta moja, wanajuana, wana wawekezaji walewale, wakikimbia wanakimbia pamoja. Hati fungani ni za muda mrefu, riba ilipopanda mwaka 2022 thamani yake sokoni ikashuka. Machi 8, 2023 wakatangaza wameuza hati za bilioni 21 kwa hasara ya bilioni 1.8. Ndani ya wiki moja watu wakatoa bilioni 42, na ijumaa yake, Machi 10, wasimamizi wakaifunga.

Nguvu zote tatu zilikuwa udhaifu ambao haujakutana na kitisho chake.

#27 Kokotoa
Bilioni 42 zilitolewa kwa siku moja, Machi 9, si kwa wiki. Inabadilisha uzito wa hoja yako, Nahodha, inaifanya kuwa kali zaidi.

#28 Nahodha
Kweli kabisa, siku moja. Asante.

#29 Msomi wa Jioni
Nahodha amenifumbua macho kwenye suala la wakati. SWOT ni picha ya siku moja. Ndiyo maana Kodak, kampuni ya filamu za picha, walikwama: hawakuiona kamera ya dijitali ikija, picha yao ilikuwa ya zamani.

#30 Kokotoa
Hapana, Msomi. Kodak waliiona kabla ya karibu kila mtu. Mhandisi wao Steven Sasson alitengeneza kamera ya dijitali mwaka 1975, humohumo ndani ya Kodak. Walifilisika Januari 2012. Miaka zaidi ya 35 kitisho kilikuwa kimekaa mezani kwao.

#31 Msomi wa Jioni
Basi hapo tatizo ni nini kama si kuona?

#32 Kokotoa
Nguvu yao. Filamu ilikuwa inaleta faida nono, na kila hatua kwenye dijitali ilikuwa inaipunguza filamu. Ni ile TOWS ya bandiko la 9: kutanisha nguvu na kitisho, utaona nguvu ndiyo inayofunga mikono.

#33 Zumaridi
Sikubaliani moja kwa moja. Fujifilm nao walikuwa na filamu, faida nono ileile, kitisho kilekile. Wakahamisha utaalamu wao wa kemia kwenda kwenye vifaa vya tiba, malighafi za skrini, hadi vipodozi. Vyumba vinne vinafanana, matokeo mbalimbali. Kilichotofautiana ni watu waliokaa juu na uamuzi wao wa kupeleka pesa wapi. SWOT haina chumba cha watu.

#34 Dira
Unaweza kuwaweka kwenye nguvu au udhaifu kwa kuangalia walichofanya na pesa miaka kumi iliyopita. Walinunua kampuni gani, kwa bei gani, ngapi kati ya hizo zilikuja kufutwa thamani kwenye vitabu. Hiyo ina ukurasa, dada Zumaridi, masharti yenu hayavunjwi.

#35 Fundi Chati
Na Apple je? Katikati ya 1997 kampuni iko taabani, inapata hasara, Agosti mwaka huo Microsoft inaingiza dola milioni 150. Ifanyieni SWOT ya kurasa na vipimo vya Altman, mngekimbia wote. Aliyebaki akawa tajiri.

#36 Mama Mizania
Tungekimbia, na ingekuwa haki kukimbia kwa kilichoonekana siku ile. Tunaikumbuka Apple kwa sababu ilipona. Zilizokuwa na hali kama ile zikafa hazina mtu wa kuzitolea mfano.

#37 Tumbiri
Nina swali la kweli sasa. Kwenye orodha ya Chipukizi kuna nguvu namba 12, gawio miaka 5 mfululizo. Hiyo si ushahidi kwamba fedha zipo? Huwezi kulipa gawio kwa maneno.

#38 Kipima Joto
Huwezi kwa maneno, lakini unaweza kwa mkopo. Carillion, kampuni kubwa ya ujenzi na huduma Uingereza, ilikuwa inapandisha gawio mwaka baada ya mwaka. Julai 2017 wakatangaza kushusha thamani ya mikataba yao kwa pauni milioni 845, na Januari 2018 kampuni ikawekwa chini ya mfilisi. Hata General Electric, waliokuwa sifa ya gawio kwa miongo, walilikata nusu Novemba 2017, kutoka senti 24 hadi 12 kwa robo, na mwaka uliofuata wakalishusha hadi senti 1.

Tumbiri, fanya hivi: chukua fedha za shughuli, toa walizotumia kununua mitambo na majengo, kinachobaki kigawe kwa gawio. Ikiwa chini ya 1 kwa miaka miwili mitatu, gawio linatoka kwenye mkopo au kwenye akiba.

#39 Mama Mizania
Na kwa chumba cha vitisho, kwa kuwa wengi wanakijaza kwa "ushindani" na "uchumi kuyumba" ambavyo vinafaa kampuni yoyote. Kampuni zilizo kwenye masoko ya Marekani zimetakiwa tangu 2005 kuandika sehemu maalumu ya vihatarishi ndani ya taarifa yao ya mwaka. Ni ndefu, imeandikwa na wanasheria, na nyingi ni maneno ya kujikinga. Usiisome kama ilivyo. Fungua ya mwaka huu na ya mwaka jana uziweke sambamba, tafuta sentensi ambayo mwaka jana haikuwepo. Mwanasheria haongezi sentensi bila mtu kumwambia kitu. Ukikuta mwaka jana wameandika "msambazaji anaweza kuchelewa" na mwaka huu "msambazaji alichelewa", kitisho kimeshaingia ndani ya nyumba.

#40 Jicho la Tai
Hii ya kulinganisha sentensi hata mimi naikubali. Ila bado nasema wapo wenye mashine zinazofanya hivyo kwa sekunde.

#41 Chipukizi
Wakuu nimerudi. Nimefungua taarifa ya mwaka ya ile kampuni, ukurasa wa maelezo ya wadaiwa. Kuna jedwali la umri wa madeni. Waliochelewa zaidi ya siku 90 walikuwa asilimia 11 ya wadaiwa wote mwaka juzi, sasa ni 23. Lakini akiba waliyotenga kwa madeni mabaya imepanda kidogo sana. Nimepiga hesabu ya Kipima Joto kwenye gawio: mwaka juzi 1.3, mwaka jana 0.8.

Kwenye vitisho nimekuta sentensi moja mpya kuhusu wasambazaji wa jumla "kuongezewa muda wa malipo". Haikuwepo mwaka uliopita.

Nimebakiwa na kitu kimoja sijui nikiweke chumba gani. Kampuni imetangaza kununua hisa zake yenyewe sokoni.

#42 Fundi Chati
Nguvu. Hisa zinapungua, faida kwa kila hisa inapanda, na menejimenti inaonyesha imani yake.

#43 Zumaridi
Gawio tu halikutoshelezwa na fedha zao mwaka jana, halafu wananunua hisa? Pesa inatoka wapi? Mimi naweka udhaifu.

#44 Nahodha
Mimi naangalia mwenye rehani. Kama mwanahisa mkuu ameweka hisa zake dhamana, na kampuni anayoidhibiti inanunua hisa sokoni na kuishikilia bei juu, nani hasa anayesaidiwa? Kwangu ni kitisho.

#45 Dira
Mnajibu kabla ya bei. Kununua kwa bei ya chini ya thamani kunawanufaisha wanaobaki, kununua juu kunawanufaisha wanaotoka. Chipukizi, tuletee kiwango walichoidhinisha, wastani wa bei waliyonunulia hadi sasa, na deni la muda mfupi lilikuwa kiasi gani kabla na baada ya kuanza.

#46 Chipukizi
Deni la muda mfupi limepanda kati ya robo mbili zilizopita, hilo nimeliona. Wastani wa bei sijauona, naingia kwenye matangazo yao ya soko, wanatoa kila mwezi.

#47 Mama Mizania
Ukiwa huko angalia na kama wakurugenzi wenyewe walikuwa wanauza wakati kampuni inanunua. Matangazo hayo yanakaa sehemu ileile.